Mkulima aliyeuza filamu kabla ya kuwasha kamera

Gregory si mji unaoweza kujikuta umefika bila kukusudia. Uko kusini mwa jimbo la South Dakota, Marekani, karibu na mpaka wa Nebraska, katikati ya nyanda ambako macho hayaoni ila mashamba, nyasi na anga. Wakazi wake hawafiki 1,500. Ungekuwa huku kwetu tungeuita senta tu, na matatu ingesimama hapo dakika mbili kushusha mizigo kisha iondoke.

Hakuna studio Gregory. Hakuna nyota wa sinema anayeishi huko. Wakazi wengi ni Wazungu, wa jamii za wakulima na wafugaji. Lakini katika miaka ya 1990 mji huo ulianzisha tamasha la filamu la kila mwaka, na jina waliloliweka kwenye bango ni la mtu mweusi ambaye baba yake alizaliwa mtumwa: Oscar Micheaux.

Kama hujawahi kulisikia jina hilo, usijilaumu. Hata huko kwao Marekani lilisahaulika kwa miongo mingi. Lakini ikiwa wewe ni mmoja wa wale vijana wenye skripti kwenye simu, kamera ya kuazima na mfuko mtupu, mtu huyu anakuhusu kuliko mabingwa wengi wa Hollywood unaowafuata Instagram. Kati ya 1919 na 1948 Micheaux alitengeneza zaidi ya filamu 40. Alizitungia hadithi, akazielekeza, akazitafutia pesa, na akazibeba mwenyewe mji hadi mji kuziuza. Hakuna mtayarishaji mwingine mweusi wa enzi yake aliyemkaribia kwa wingi wa kazi.

Mbona basi anaenziwa kwenye mji wa wakulima? Kwa sababu huko ndiko alikoanzia, na alianza na jembe.

Micheaux alizaliwa Januari 2, 1884, karibu na mji wa Metropolis, jimbo la Illinois, katika familia ya watoto 13. Akiwa na miaka 17 alihamia Chicago kutafuta riziki. Alifanya kazi kwenye machinjio, akapiga viatu rangi, hatimaye akapata kazi ya uhudumu katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Enzi hizo hiyo ilikuwa kazi ya heshima kwa kijana mweusi. Ulivaa yunifomu, ulizunguka nchi nzima bila kulipa nauli, na ulisikiliza mazungumzo ya matajiri ukiwatandikia vitanda. Yeye aliweka akiba na kutega masikio.

Katika mabehewa hayo ndiko alikosikia habari za ardhi. Serikali ilikuwa ikigawa mashamba huko South Dakota, ardhi iliyomegwa kutoka kwa eneo la Rosebud la Walakota. Hilo tusilipite kimya: wenyeji walikuwa wakipokonywa ardhi ndipo wengine wapate pa kuanzia maisha, na aliyekuwa akipata safari hii alikuwa mwana wa mtu aliyezaliwa utumwani. Historia haikupangi mahali pazuri pa kusimama. Micheaux alijaribu bahati nasibu ya mashamba, ikamkosa, akaamua kununua kipande kutoka kwa mtu aliyekuwa ameacha chake.

Kwa mujibu wa simulizi yake mwenyewe, hakujua kulima. Alinunua wanyama wabovu na majirani wakamcheka. Lakini aling'ang'ana, akavunja ardhi nyingi kuliko baadhi ya waliomcheka, na kabla hajatimiza miaka 30 alikuwa na mamia ya ekari. Kisha mambo yakaharibika yote kwa pamoja. Ndoa yake na binti ya mchungaji wa Chicago ilivunjika baada ya mtoto wao kufariki wakati wa kuzaliwa. Ukame ukapiga 1911. Madeni yakaja, na shamba likaenda.

Sasa fikiria uko mahali pake. Umepoteza mke, mtoto na shamba. Hauna digrii. Ni mwaka wa 1913 na wewe ni mtu mweusi kwenye nyika ya Wazungu. Unafanya nini?

Yeye aliandika kitabu.

Kiliitwa The Conquest, hadithi ya mkulima mweusi huko South Dakota ambayo haikuhitaji upelelezi kujua ni ya nani, ingawa jina lake halikuwekwa kwenye jalada. Lakini utamu wa kisa hiki uko kwenye namna alivyokiuza. Hakungoja mchapishaji mkubwa wa New York amkubali. Alimwendea mpiga chapa mjini Lincoln, Nebraska, kisha akazunguka kwa majirani zake wakulima, mlango kwa mlango, akichukua oda. Watu wale wale waliomcheka akihangaika na farasi ndio waliotoa pesa zao kwa kitabu ambacho kilikuwa bado hakijachapishwa. Bila shaka baadhi walitaka kuona wameandikwa vipi humo ndani. Udaku huuza, leo kama jana.

Alichokigundua pale ndicho alichokitumia maisha yake yote: mnunuzi akishakuamini, bidhaa inaweza kufuata baadaye.

Aliandika vitabu vingine viwili, na cha tatu, The Homesteader cha mwaka 1917, kilimfungulia mlango wa sinema. Wakati huo kulikuwa na kampuni ya filamu ya watu weusi iitwayo Lincoln Motion Picture Company, iliyoendeshwa na ndugu wawili, Noble na George Johnson. George alikuwa mfanyakazi wa posta mjini Omaha. Aliposoma kuhusu kitabu hicho akamwandikia Micheaux akitaka kununua haki za kukigeuza filamu.

Kwa mtu wa kawaida hiyo ni barua ya kupiga nayo picha. Kampuni inakutaka! Micheaux akajibu kwamba sawa, lakini na yeye awepo wakati wa kupiga filamu, asimamie kazi. Isitoshe, alitaka iwe filamu ndefu, ilhali kampuni ya Lincoln ilizoea filamu fupi za rili mbili au tatu. Barua zikaenda na kurudi. Hawakuelewana. Mtu ambaye hajawahi hata kushika kamera alikataa kuuza hadithi yake kwa kampuni pekee iliyokuwa imemwomba.

Hapo ndipo wengi wetu tungemwita mjeuri. Na pengine alikuwa mjeuri kweli. Lakini hakukaa kununa. Alianzisha kampuni yake, akaweka ofisi Sioux City, jimbo la Iowa, akachapisha hisa na kuanza kuziuza kwa dola 75 hadi 100 kila moja. Wanunuzi wakubwa walikuwa kina nani? Wakulima Wazungu wa maeneo hayo, wengi wakiwa watu ambao tayari alikuwa amewauzia vitabu. Ukitaka kujua mbona Gregory na viunga vyake wanajihisi wana haki ya kumsherehekea, anzia hapo. Mababu wa majirani hao walitia chapaa zao kwenye filamu ya mtu mweusi wakati ambapo majimbo mengi hayangemruhusu kukaa nao kwenye ukumbi mmoja.

The Homesteader ilizinduliwa Chicago Februari 20, 1919, katika jengo kubwa la Kikosi cha Nane, kikosi cha wanajeshi weusi. Ilikuwa na rili nane. Filamu hiyo ilimchora vibaya mchungaji mmoja, na si vigumu kukisia ni baba mkwe wa nani. Wachungaji kadhaa wa jiji wakalalamika kwa bodi ya udhibiti wa filamu. Bodi ikaitazama, ikairuhusu. Micheaux alifanya nini? Akageuza malalamiko hayo kuwa tangazo: njooni muone filamu ambayo wachungaji hawakutaka muione. Buda alielewa kutrendi miaka 80 kabla ya mitandao.

JINSI ALIVYOFANYA KAZI

Hebu tukae kidogo kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo kijana mtengeneza filamu atapata kitu cha kubeba.

Micheaux hakuwa na benki nyuma yake. Kwa hivyo aligeuza mpangilio wa kawaida juu chini. Alipokuwa na wazo la filamu, alipiga picha chache za waigizaji wakiwa wamevaa mavazi ya wahusika. Kisha akaingia garini, koti refu la manyoya begani na kofia kubwa kichwani, akaenda kwa wenye kumbi za sinema zilizohudumia watu weusi katika miji ya kusini na ya kaskazini. Mara nyingine alimchukua mwigizaji mmoja aende naye. Alimwonyesha mwenye ukumbi zile picha, akamsimulia hadithi kwa madoido, mwigizaji naye akaigiza kipande pale pale ofisini. Mwenye ukumbi akitikisa kichwa, aliombwa kulipa sehemu ya pesa mapema ili awe miongoni mwa wa kwanza kuionyesha. Pesa hizo ndizo zilizopiga filamu.

Ikikamilika, alirudi kwenye njia ile ile akiwa na nakala mkononi, na papo hapo akitafuta malipo ya filamu inayofuata. Ni kama mkulima anayeuza mahindi yangali shambani, kisha akiyapeleka sokoni anachukua oda ya maharagwe.

Kule kusini, ambako sheria za ubaguzi zilitenganisha weusi na weupe kila mahali, baadhi ya kumbi za Wazungu zilifungulia watu weusi milango usiku wa manane tu, baada ya wenyewe kwenda kulala. Micheaux alizitumia saa hizo pia. Watazamaji wake walikuwa tayari kukesha ili waone, kwenye skrini kubwa, mwalimu mweusi, daktari mweusi, mpelelezi mweusi, mkulima mweusi mwenye shamba lake. Hollywood ya siku hizo iliwapa nafasi ya mtumishi, mjinga au jambazi. Wakati mwingine hata hiyo haikuwa nafasi yao, kwa sababu ilichukuliwa na Mzungu aliyejipaka masizi usoni.

Upigaji wenyewe ulikuwa wa mbio. Aliazima nyumba za marafiki zigeuke seti. Waigizaji walikuja na nguo zao. Onyesho lilipigwa mara moja na, isipokuwa kitu kimeanguka, wakasonga mbele; na kuna filamu zake ambazo kitu kilianguka na bado wakasonga mbele. Utamwona mwigizaji akisahau maneno, taa ikitupa kivuli ukutani, sauti ikipotea. Sitakudanganya: baadhi ya filamu zake za sauti za miaka ya 1930 ni ngumu kuzimaliza. Wanaosema kila alichokigusa ni dhahabu pengine hawajazitazama.

Lakini alikuwa na jicho la vipaji. Evelyn Preer, aliyeng'aa katika filamu zake za mwanzo, alikuwa mwigizaji ambaye angekuwa nyota popote pale kama rangi isingekuwa kizuizi. Na mwaka wa 1925, katika Body and Soul, Micheaux alimweka mbele ya kamera kwa mara ya kwanza mwimbaji na mwigizaji wa jukwaani aliyeitwa Paul Robeson. Alimpa sehemu mbili: mhubiri mwizi anayewapora waumini wake, na ndugu yake mwema. Unaona bado hajawasamehe wahubiri.

MKASI WA BODI

Kazi ambayo wengi humkumbuka nayo ni Within Our Gates ya mwaka 1920. Ili uelewe uzito wake, rudi miaka mitano nyuma. Mwaka wa 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu iliyosifu kundi la Ku Klux Klan na kuwachora watu weusi kama wanyama. Ilivuna pesa kama mvua na kuchochea kufufuka kwa kundi hilo. Kisha, katika majira ya joto ya 1919, ghasia za rangi zilizuka Chicago na watu 38 wakauawa, weusi 23 na weupe 15.

Miezi michache tu baadaye, Micheaux akaipeleka Chicago filamu kuhusu mwalimu mweusi anayetafuta pesa za kuokoa shule ya watoto maskini huko kusini, na mbele tunagundua kwamba waliomlea waliuawa na umati wa Wazungu. Filamu haikuficha. Inaonyesha familia ikisakwa, kamba ikitupwa mtini, moto ukiwashwa, na watu waliokuja na watoto wao kana kwamba ni sherehe. Pia inaonyesha mwanamke mweusi akivamiwa na mwanamume Mzungu, jambo ambalo lilitokea kila mahali na halikusemwa popote.

Bodi ya udhibiti ilitetemeka. Wapo waliosema itawasha moto mpya, wakiwemo watu weusi waliochoka kuzika. Wengine walisema ni lazima ionekane. Ikaonyeshwa ikiwa imekatwa, na katika miji mingine kusini ikakataliwa kabisa. Kila bodi ya udhibiti ilikuwa na mkasi wake, na Micheaux alikuwa akipanga upya filamu ile ile kutegemea mji anaoingia. Bodi ya New York ilipoikataa Body and Soul kwa sababu ya yule mhubiri, aliihariri tena hadi ipite.

Hapa msomaji wa Kenya atakuwa ameanza kutabasamu. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, ni ya mwaka 1962, na bado inamtaka mtu apate leseni kabla ya kupiga filamu ya kuonyeshwa umma. Na Septemba 2018, baada ya filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu kupigwa marufuku, Mahakama Kuu iliiondolea marufuku kwa siku saba tu, na watu wakapanga foleni kuingia kumbi za Nairobi ndani ya siku hizo saba. Uwe ulikubaliana na filamu hiyo au la, foleni ile Micheaux angeielewa mara moja. Angekuwa ameshachapisha bango.

WALIOMPINGA

Tamasha la kumuenzi mtu lina hatari zake. Mtu husafishwa hadi haonekani tena. Ni haki basi useme na hili: watazamaji weusi wenyewe walimkosoa, na kwa sababu.

Mashujaa wake mara nyingi walikuwa watu wa rangi nyepesi, na wabaya wake mara nyingi weusi zaidi. Mnamo 1938 filamu yake God's Step Children, kuhusu msichana wa rangi nyepesi anayewakana watu wake, ilizua maandamano New York hadi ikaondolewa kwenye ukumbi. Waandamanaji walisema inawatukana watu weusi na kuwagawanya kwa shedi ya ngozi. Micheaux aliamini kwamba mtu mweusi atainuka kwa bidii na nidhamu, na hakuwa na subira na yeyote aliyeonekana kwake kuwa mvivu au mpotevu. Fikra hizo zinaweza kumjenga mtu. Pia zinaweza kumfanya aanze kuwatazama wenzake kwa macho ya yule anayewadharau wote pamoja. Nadhani kwake zilifanya yote mawili.

Na pesa nazo zilimkimbia. Alitangaza kufilisika mwaka wa 1928. Sauti ilipoingia kwenye sinema, gharama zilipanda hadi kampuni nyingi za filamu za watu weusi zikafa. Yeye aliokoka kwa kuungana na Wazungu walioendesha kumbi za Harlem, na 1931 akatoa The Exile, filamu ndefu ya kwanza ya sauti iliyotengenezwa na mtayarishaji mweusi. Lakini sasa kulikuwa na mtu mwingine mwenye funguo za sefu, na haikuchukua muda kabla ya ugomvi. Kumbuka huyu ndiye aliyekataa kuuza hadithi yake bila kuwepo kwenye seti. Mke wake wa pili, Alice B. Russell, mwigizaji, alisimama naye kwenye shughuli zote hizo, mbele ya kamera na nyuma yake, na habari zake zinastahili makala yake peke yake.

Alipumzika, akarudi kuandika vitabu, kisha 1948 akajaribu mara ya mwisho kwa filamu ya zaidi ya saa tatu, The Betrayal, akirudia ile hadithi ya mkulima mweusi wa South Dakota. Ilizinduliwa New York, wahakiki wakaichapa, ikaanguka. Alifariki Machi 25, 1951 mjini Charlotte, North Carolina, akiwa safarini kikazi, na akazikwa Great Bend, Kansas, na jamaa zake.

FILAMU ZIKO WAPI?

Sasa tunafika kwenye sehemu inayoumiza. Kati ya filamu zile zaidi ya 40, nyingi hazipo. Hazipo kabisa. The Homesteader, ile ya wakulima na hisa zao, imepotea. The Betrayal imepotea. Kwa hivyo Gregory inasherehekea mtu ambaye filamu zake mbili kuhusu nyanda zile zile haziwezi kuonyeshwa huko, wala kwingineko.

Sababu zenyewe ni za kawaida mno. Filamu za siku hizo zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto kwa urahisi na kuoza kikihifadhiwa vibaya. Micheaux alikuwa na nakala chache tu kwa sababu kila nakala ni pesa. Nakala hizo hizo zilisafiri, zikakwaruzwa na mashine, zikakatwa na bodi, zikaonyeshwa hadi zikachakaa. Na wakati huo hakuna maktaba wala hifadhi iliyoona haja ya kuweka sinema za watu weusi. Njia yake ya kuuza ilikuwa ya kipekee, lakini ilikuwa njia ya mtu anayeangalia mji unaofuata. Hakuna aliyebaki nyuma kufunga kabati.

Within Our Gates yenyewe ilihesabiwa miongoni mwa zilizopotea, hadi nakala moja ilipopatikana kwenye hifadhi ya filamu nchini Uhispania, ikiwa na jina La Negra. Maandishi yake ya skrini yalikuwa ya Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani iliirekebisha na kuitoa 1993, na maandishi ya Kiingereza ilibidi yatungwe upya kutoka tafsiri, kwa kufuata mtindo wa Micheaux katika vitabu vyake. The Symbol of the Unconquered, filamu yake nyingine ya 1920, ilipatikana Ubelgiji. Yaani historia ya Wamarekani weusi ilikuwa imelala Ulaya, kwa lugha za watu wengine, ikingoja mtu afungue kopo.

Ndipo heshima zikaanza kuja kwa msururu. Chama cha waelekezi wa Marekani kilimtunuku 1986, miaka 35 baada ya kifo chake. Nyota yake ikawekwa Hollywood mwaka uliofuata. Mwaka wa 2010 posta ya Marekani ikatoa stempu yenye sura yake, jambo ambalo George Johnson, yule karani wa posta wa Omaha, angelicheka. Kuna pia tamasha jingine lenye jina la Micheaux jijini Los Angeles, la watengenezaji filamu huru. Lile la Los Angeles linaangalia mbele: nani anatengeneza nini sasa. Gregory wao huangalia nyuma: filamu zilizosalia huonyeshwa, wasomi huja kuzungumza, na watu hukumbushwa kuhusu shamba alilowahi kulima. Ukiniuliza, ningeanza na Gregory. Tuzo ya Hollywood humpata mtu akishakuwa salama kumsifu. Mji mdogo ukiamua kumkumbuka jirani aliyefilisika kwake, hiyo ni habari nyingine.

Hebu jiulize nasi tumeweka nini. Filamu za Riverwood, zile zilizojaza vibanda vya River Road kwa VCD za bei ya chini, zilikuwa na ujanja ule ule wa Micheaux: piga haraka, uza mkononi, rudi upige nyingine. Ngapi kati yake zinaweza kupatikana leo, na zikipatikana, ziko kwa nani? VCD hukwaruzika. Diski ya kompyuta hufa. Akaunti ya YouTube hufungwa na nenosiri likasahaulika. Mwulize rafiki yako aliyepiga filamu fupi chuoni miaka sita iliyopita akuonyeshe faili halisi, si kile kipande cha WhatsApp chenye ukungu. Wengi wataanza kujikuna kichwa.

Kwa hivyo kama uko kwenye mbogi inayopiga filamu, kuna kazi ya leo jioni ambayo haihitaji mfadhili. Nakili filamu iliyokamilika na picha ghafi mahali pawili tofauti, kimoja nje ya nyumba yako. Andika karatasi inayosema nani anamiliki nini, mtie sahihi mkiwa bado marafiki. Na mkikubaliana kuuza, someni mkataba hadi mjue kama mnauza maonyesho au mnauza filamu yenyewe. Hilo la mwisho Micheaux alilijua kabla ya kujua kamera inashikwa vipi.

Within Our Gates haina tena hakimiliki, na ile nakala iliyorekebishwa inapatikana mtandaoni bila malipo. Ina chini ya saa moja na nusu. Ni filamu bubu, kwa hivyo itakubidi usome maandishi, na nusu ya kwanza ina wahusika wengi hadi utachanganyikiwa nani ni nani. Vumilia. Ukifika pale familia ya Landry inapokimbilia msituni, utaelewa mbona bodi ya Chicago ilishika mkasi. Tafuta bando, zima taa.